Samaki Mmoja Akioza

Kwa miaka thelathini na minane niliyoshika chaki, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1970 hadi nilipostaafu mwaka 2008, nimefundisha methali nyingi bila ya kuzihoji. Mwalimu hutamka nusu ya kwanza, darasa zima huitikia nusu ya pili, kisha somo husonga mbele. Mojawapo ni ile isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Watoto huipenda kwa sababu maana yake inaonekana kwa macho na kunusika kwa pua, hasa watoto wa kando ya Ziwa Viktoria, ambako nilifanya kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Leo nina miaka sabini na saba, nina muda wa kutosha wa kukaa chini ya mwembe, na methali hii imeanza kunisumbua. Je, ni haki kumhukumu mtu mmoja kwa yale tunayoyajua juu ya kundi lake? Na kama si haki, je, inawezekana kuishi bila ya kufanya hivyo?

Sikufikishwa kwenye maswali haya na vitabu vya falsafa. Nilifikishwa na figo.

Mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu, anaishi Marekani tangu mwaka 2003. Mwaka 2019 miguu ilianza kumvimba na shinikizo la damu likawa halishuki hata kwa dawa. Akapimwa. Jioni moja akanipigia simu akiwa na karatasi ya majibu mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Baba mkubwa, hapa wameandika namba mbili za figo zangu. Moja ni ya Mmarekani mweusi, na nyingine ni ya asiyekuwa Mmarekani mweusi. Ya kwanza ni 22, ya pili ni 19. Sasa mimi ni yupi?"

Nilicheka, nikamjibu kwamba yeye ni mtoto wa baba yake. Lakini yeye hakucheka, na baadaye nilielewa kwa nini.

Msomaji atanivumilia kidogo hapa, maana mwalimu hastaafu kabisa. Figo zetu mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja majimaji ya damu kiasi cha lita 180 kila siku. Karibu yote huyarudisha mwilini, na lita moja na nusu hivi ndiyo hutoka kuwa mkojo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja, viitwavyo nefroni. Ni kiungo chenye subira ya ajabu. Sehemu kubwa ya vichujio inaweza kufa na mwenyewe asijue, akaendelea kulima na kucheza bao. Ndiyo sababu daktari hasubiri maumivu, bali hupima damu. Hutazama uchafu mmoja utokanao na misuli, uitwao kreatinini. Ukizidi katika damu, ni dalili kwamba vichujio vimelegea. Kisha kreatinini, umri na jinsia ya mgonjwa huingizwa katika kanuni ya hesabu, na kanuni hutoa namba moja inayokadiria nguvu ya figo.

Sasa, kanuni iliyotumika sana huko Marekani tangu mwaka 2009 ilikuwa na kiungo kimoja zaidi. Mgonjwa akiwa mweusi, jibu lilizidishwa kwa 1.159. Wataalamu walikuwa wameona katika tafiti zao kwamba watu weusi, wakichukuliwa kwa jumla, walikuwa na kreatinini nyingi zaidi kwa figo zenye nguvu ile ile, na baadhi yao wakasema ni kwa sababu ya wingi wa misuli. Zidisha 19 kwa 1.159 utapata 22. Na kwa kuwa huko mgonjwa huanza kuhesabiwa muda wake wa kusubiri figo ya kupandikizwa namba yake inapofika 20 au chini yake, mtu mwenye 19 anahesabiwa, na mtu mwenye 22 anaambiwa arudi nyumbani. Hospitali aliyotibiwa mwanangu ilichagua 22. Alirudi nyumbani.

Nilikasirika sana. Kwa siku kadhaa nilimweleza kila aliyefika barazani jinsi watu wasomi walivyoweza kumpa mtu mwembamba kama ufito misuli ya watu wengine kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Usiku wa tatu au wa nne, nikiwa sijapata usingizi, ikanijia karabai.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja kando ya ziwa. Waliokuwapo wanaikumbuka miaka ile. Sabuni ilikuwa adimu, madaftari yalikatwa nusu, na mafuta ya taa yalitafutwa kama dhahabu. Darasa la saba walikuwa arobaini na mmoja. Niliamua kuwafundisha usiku kwa ajili ya mtihani wa kumaliza shule, lakini taa ilikuwa moja, na mwanga wake uliwatosha watoto kumi na wawili kuzunguka meza mbili. Ilinipasa kuchagua.

Nilichagua kwa wastani, na wala si wa mtoto mmoja mmoja. Nilifungua rejista za miaka ya nyuma, nikatazama vijiji vitatu vilivyoleta watoto shuleni kwetu. Kijiji cha juu, cha wakulima wa pamba, kilikuwa kimetoa watoto waliochaguliwa kwenda sekondari. Kijiji cha kati kimoja au wawili. Kambi ya wavuvi haikuwa imetoa hata mmoja, na nusu ya watoto wake waliacha shule kabla ya kumaliza. Basi watoto sita wa kambi ya wavuvi nikawaacha wote kwa pamoja, nisijisumbue hata kutazama madaftari yao. Mwalimu mwenzangu alipouliza, nilimjibu kwa methali ile ile ya samaki, na tukacheka kwa sababu ya uvuvi wao.

Karabai yenyewe niliiazima kambini. Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani usiku wa mbalamwezi, maana dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka, kwa hiyo siku hizo taa zao hukaa bure. Mvuvi mmoja alikubali kuniazima yake bila malipo, na alikuwa akimtuma mwanawe ailete, kwa kuwa mimi sikujua kuiwasha vizuri. Mtoto huyo alikuwa wa darasa la saba, mmoja wa wale sita. Alikuja jioni, akasafisha sindano ya taa, akaijaza upepo, akaiwasha na kuitundika kwenye ndoano, akaniamkia, akaenda zake gizani. Alifanya hivyo kwa muda wa miezi mitatu. Nami nilimshukuru kila mara, na nilidhani nimemtendea wema.

Mtoto yule hakuchaguliwa kwenda sekondari. Je, angechaguliwa kama angekaa chini ya taa aliyoileta? Sijui, na hakuna awezaye kujua. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Anayehukumu kwa wastani hawezi kamwe kushikwa na kosa, kwa sababu yule aliyemnyima nafasi amemnyima pia ushahidi. Mwaka uliofuata nilifungua rejista tena, nikaona kambi ya wavuvi haikutoa hata mmoja, nami nikajiona nilikuwa sahihi.

Nilipolisimulia hili barazani, jirani yangu, mganga msaidizi mstaafu aliyetibu watu vijijini kwa miaka thelathini, hakukubaliana nami. Ni mtu wa maneno machache, na akisema husema kwa ukali. "Mwalimu," aliniambia, "unataka kutuonea. Mimi nilikuwa na zahanati isiyo na hadubini. Mtoto mwenye homa wakati wa masika nilimpa dawa ya malaria. Sikumjua yeye, nilijua masika. Ningengoja kumjua kila mtoto peke yake, ningewazika wengi." Nilimwuliza kama hakupata kukosea. Akasema alikosea mara nyingi, na mengine anayakumbuka kwa majina. Kisha akaongeza kwamba hata kipimo cha dawa kilichoandikwa juu ya chupa ni wastani. Hakuna aliyepimwa yeye na ini lake.

Ana haki, na sina jawabu kamili la kumpa. Tofauti ninayoiona mimi ni moja tu, nayo ni ndogo kuliko ningependa iwe. Yeye alitumia wastani kumpa mtoto kitu, na mimi nilitumia wastani kumnyima. Tena yeye hakuwa na hadubini, ilhali mimi madaftari ya watoto wale sita yalikuwa kabatini mwangu. Ujinga wake ulikuwa wa lazima; wangu ulikuwa wa hiari.

Nirudi kwa mwanangu. Mwaka ule ule wa 2019 madaktari waliamua kumchoma sindano mgongoni ili watoe kipande cha nyama ya figo na kukichunguza. Kipande chenyewe ni chembamba mfano wa risasi ya penseli. Kabla ya siku hiyo mtu mwingine alimjia na karatasi, akamwomba kibali ili kitolewe kipande kingine kama hicho kwa ajili ya utafiti. Alielezwa kwa uungwana kwamba kipande hicho hakitamsaidia yeye, kwamba sindano ya ziada ina hatari kidogo ya kutoka damu, na kwamba yuko huru kukataa. Akanipigia simu. "Baba mkubwa, unasemaje?"

Nilimwambia asitoe.

Sikutafakari hata dakika tano. Nilikuwa bado na hasira ya namba mbili. Nilimkumbusha habari za Tuskegee, katika jimbo la Alabama, ambako tangu mwaka 1932 hadi 1972 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifanywa kitu cha kutazamwa, wakaachwa bila tiba hata baada ya penisilini kupatikana, huku wakidanganywa kwamba wanatibiwa. Nilimwambia, "Wamekuhesabu kwa rangi yako, sasa wanataka na nyama yako." Nilijisikia nimesema neno la hekima. Naye, kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri, alikataa kutia sahihi.

Miaka miwili baadaye mjukuu wangu wa kike, anayesomea kazi ya maabara, alikuja likizo. Nilimwuliza vipande vile vya figo huenda wapi. Alinieleza kwa jioni nzima, na baadhi ya mambo alinichorea chini kwa kijiti kama nilivyokuwa nikimchorea yeye zamani.

"Zamani, babu, walikuwa wanasaga," alisema.

"Wanasaga nini?"

"Kipande cha figo. Wanasaga chote, kisha wanapima mchuzi wake."

Alitaka kusema kwamba ndani ya figo mna seli za aina nyingi, na kila aina ina kazi yake. Kila seli imebeba jeni zile zile, lakini kila aina huzisoma baadhi na kuziacha nyingine, kama vile shule nzima ina maktaba moja ila kila darasa huazima vitabu vyake. Ukitaka kujua ni jeni zipi zinazosomwa katika figo inayougua, ukisaga kipande chote utapata wastani. Aina iliyo na seli nyingi ndiyo itakayosikika, na aina yenye seli chache, hata kama ndiyo mgonjwa, sauti yake itamezwa. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba hilo nalielewa vizuri kuliko anavyodhani. Wastani wa darasa unaweza kuwa hamsini, na asiwepo hata mtoto mmoja aliyepata hamsini.

Njia mpya ni ya kuwatenganisha. Kipande huloweshwa katika vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi inayoshikanisha seli, kisha kila seli huingizwa peke yake ndani ya tone dogo mno la maji lililozungukwa na mafuta, pamoja na kishanga chenye alama isiyofanana na ya kishanga kingine. Ujumbe wa jeni zote zilizokuwa zikisomwa ndani ya seli ile hubandikwa alama hiyo moja. Baada ya hapo hata wakichanganya yote na kuyasoma kwa mashine, wanaweza kujua neno hili lilitoka kwa nani. Kwa lugha yangu ni kwamba wameacha kuandika wastani wa darasa, wakaanza kuita majina.

Miongoni mwa walioifanya kazi hii kwa figo ni Katalin Susztak, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyesomea udaktari Budapest na kuhamia Marekani, ambako ana maabara katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuita majina katika figo za panya wazima wa afya. Waliita seli 57,979. Wakachukua jeni ambazo zilikwisha kujulikana kwamba zikiharibika huleta magonjwa ya kurithi ya figo, wakatafuta ni nani anayezisoma. Ikaonekana kwamba magonjwa yanayotokana na jeni mbalimbali, lakini yenye dalili moja, aghalabu hurudi kwenye aina moja ya seli. Magonjwa yanayovujisha protini kwenye mkojo yalirudi kwa seli zenye mfano wa vidole, zinazokumbatia mishipa midogo ya kichujio. Yale yanayolimbikiza asidi katika damu yalirudi kwa aina moja ya seli katika mifereji ya mwisho, mkojo unapokusanywa. Maana yake ni kwamba tunaposema figo imeoza, mara nyingi mwanzo ni aina moja ya watenda kazi miongoni mwa wengi ambao bado wanachapa kazi zao.

Walikuta pia jambo ambalo mimi mwalimu lilinifurahisha kuliko yote. Katika mifereji hiyo ya mwisho zilijulikana aina mbili za seli, moja ya kushughulika na maji na chumvi, nyingine ya kushughulika na asidi. Kati yao wakazikuta seli zisizokuwa za huku wala huko, zilizobeba dalili za pande zote mbili, zikiwa njiani kutoka aina moja kwenda nyingine. Katika mchuzi uliosagwa zisingeonekana kamwe. Ni wanafunzi wangapi wa namna hiyo nimewahi kuwaandika upande mmoja wa rejista kwa sababu rejista ilikuwa na pande mbili tu?

Lakini mjukuu wangu, ambaye naona atakuwa mwalimu mgumu, hakuniacha nifurahi mno. Alisema njia hii nayo ina kasoro zake. Seli ikitenganishwa na jirani zake hushtuka, na huanza kusoma jeni ambazo ilipokuwa kwao haikuzisoma. Nyingine hufa kabla ya kuitwa jina. Na hata ile iliyoitwa salama haiwezi kukuambia ilikuwa imekaa karibu na nani. Kwa hiyo baadaye zikatafutwa njia nyingine za kuzisoma seli zikiwa zimekaa mahali pake, kwenye kipande chembamba cha nyama kisichovurugwa. Nilikaa kimya. Nilikuwa tayari nimejenga falsafa nzuri kwamba ukweli ni wa mmoja na uongo ni wa kundi, naye ameibomoa kwa kijiti. Mtoto wa mvuvi hakuwa wastani wa kambi yake. Lakini pia hakuwa mtoto aliyeelea hewani, asiye na baba mwenye taa wala usiku wa kuvuta nyavu. Ningemwita ofisini na kumpima peke yake, akiwa amesimama mbele ya meza yangu anatetemeka, huenda nisingemwona pia. Ilinipasa kushuka kambini.

Nilimwuliza swali la mwisho, ambalo nililiogopa. Vipande hivyo ni vya nani zaidi? Akasema kwamba tangu mwaka 2017 serikali ya Marekani imegharimia mpango mkubwa wa kukusanya vipande vya figo za wagonjwa wanaojitolea, wakijua kwamba wao wenyewe hawatafaidika. Lakini katika utafiti wa jeni duniani kwa jumla, walio wengi ni watu wenye asili ya Ulaya. Watu wa asili ya Afrika ni wachache. Sababu ziko nyingi, nyingine za zamani na za haki, kama hizo za Tuskegee. Alitoa mfano wa jeni iitwayo APOL1. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba maumbo mawili ya jeni hiyo, yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, huzidisha hatari ya kuugua figo kwa mtu aliyeyarithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Na kwamba yalienea kwa sababu yanamkinga mtu dhidi ya vimelea vya malale, vile vinavyoletwa na mbung'o. Kati ya Wamarekani weusi, kiasi cha asilimia 13 wamerithi hivyo. Maana yake ni kwamba wengi sana hawakurithi. Mwanangu alikwisha kupimwa. Hana hata umbo moja. Ngozi yake ilikuwa imesema neno, na jeni zake zikasema jingine.

Hapo nikayaona niliyoyafanya. Nilikuwa nimelalamika kwamba mwanangu amehesabiwa kwa wastani wa watu wengine. Kisha walipokuja watu wanaotaka kuita majina, nikamwambia asiitike. Kama sote wa namna yetu tutakataa, rejista mpya itaandikwa bila ya majina yetu, na kesho mgonjwa wetu atahukumiwa tena kwa wastani usio wake. Ninasema haya bila ya kujifuta kabisa. Hofu yangu haikuwa ya kijinga, na mtu aliyekwisha kudanganywa ana haki ya kuuliza maswali. Kosa langu ni kwamba sikuuliza. Niliwaweka watafiti wote katika kapu moja na wale wa Alabama, nikasema samaki mmoja akioza. Kwa mara ya pili katika maisha yangu nilimnyima mtu nafasi bila ya kufungua daftari lake.

Mwaka 2021 kamati ya wataalamu wa figo wa Marekani ilipendekeza kanuni mpya isiyouliza rangi. Tangu Januari 2023 hospitali zote za kupandikiza figo huko ziliagizwa kupekua kumbukumbu za wagonjwa weusi na kuwarudishia muda waliocheleweshwa na ile kanuni ya zamani. Mwanangu, aliyekuwa ameandikwa kwenye orodha mwishoni mwa mwaka 2020 namba yake iliposhuka hata kwa kanuni ya wenyewe, alirudishiwa miezi kumi na minne. Wakati huo alikuwa amekwisha kukaa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa mwaka mmoja na nusu, siku tatu kila juma, saa nne kila siku. Miezi kumi na minne ya kwenye karatasi ilirudi. Nadhani inatosha kusema hivyo.

Mwaka 2024 alipata figo. Ilitoka kwa mtu aliyefariki, ambaye jina lake hatulijui, wala kabila, wala rangi, wala dini. Tunajua tu kwamba wakati fulani mtu huyo, au ndugu zake, waliwekewa karatasi mbele yao na wakatia sahihi. Sisi tuliombwa kipande cha risasi ya penseli tukakataa. Wao walitoa figo nzima kwa mtu ambaye hawakumjua hata kidogo, na ambaye, kama wangemhukumu kwa kundi lake, sijui wangemwona nani.

Yule mtoto wa karabai nilimwona mara moja tu tangu hapo, mwaka 2006, kwenye mwalo. Alikuwa fundi wa mitumbwi, na alikuwa akipima ubao kwa kamba yenye mafundo. Aliniamkia kwa heshima, akanitambulisha kwa vijana wake kuwa mwalimu wake. Nilitaka kusema jambo, lakini nikaishia kuuliza bei ya mtumbwi.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, mwanangu alipiga simu siku ya Jumapili kama kawaida yake. Figo mpya inafanya kazi vizuri, ila madaktari walitaka kuichoma sindano ili waitazame, na kama kawaida alikuja mtu na karatasi ya kuomba kipande cha ziada. Nilijiandaa kumwambia yote niliyoyaandika hapa. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka mitatu. Hakuniuliza. Aliniambia tu kwamba amekwisha kutia sahihi, kisha akauliza kama mvua zimeanza huku nyumbani.